Maswali ya wasomaji: sindano na degedege, kombe na vidonge vya presha

SWALI. Assalamu alaykum. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, wilaya ya Micheweni, Pemba. Mtoto wa degedege akiletwa usiku, nikishika tu bomba la sindano bibi yake anapiga kelele: mtoto wa degedege hapigwi sindano, atakufa. Wengine hubeba mtoto wao wakaondoka. Nimewaeleza habari za malaria mpaka nimechoka. Nifanyeje?

JIBU. Waalaykum salaam. Unawaeleza kinacholeta degedege, ilhali wao wanaogopa sindano. Mama anaweza kukubali kabisa kwamba mwanawe ana malaria, na bado akaamini kuwa sindano itamuua. Na hofu hiyo haikuzuka bure. Mtoto aliyecheleweshwa, malaria imeshapanda kichwani, huchomwa sindano na baada ya muda mfupi hufariki. Majirani waliyaona yote mawili kwa macho yao, sindano kisha mauti. Walichokosea ni kuunganisha. Ukiwaambia ni ujinga, unawaambia hawakuona walichokiona.

Mwaka 1978 Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na wenzake wawili, walichapisha maswali machache ya kumuuliza mgonjwa ili daktari ajue mgonjwa mwenyewe anayaelezaje maradhi yake. Kwa zamu ya usiku yakutoshe haya, na la tatu tumeliongeza sisi. Hichi nyumbani mnakiitaje? Mnadhani kimeletwa na nini, na kwa nini kimeanza leo? Mmeshampa nini mpaka sasa? Mnachokiogopa zaidi ni kitu gani, katika maradhi na katika dawa yangu?

Hilo la tatu ni la kitabibu hasa. Mtoto aliyefukizwa moshi, au aliyetiwa mafuta ya taa au dawa ya majani mdomoni huku anatetemeka, huenda vimeingia mapafuni, na utamsikiliza kifua kwa namna nyengine. Ila usikunje uso ukisikia jibu. Ukikunja, mara ya pili utaambiwa "hatujampa kitu". Mama akiona haya kukutajia sheitani au ndege apitaye usiku, muulize: watu wa mtaani kwenu wanasemaje? Hapo atasema.

Bila shaka maswali hayo hayatangulii mbele ya mtoto anayetetemeka. Kwanza mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kitu chochote mdomoni, wala kijiko, na tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, mpe diazepam, dawa ya kutuliza degedege, kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 atapata miligramu 5, yaani mililita 1 ya dawa yenye miligramu 10 katika mililita 2. Dawa hii inatiwa kwa bomba lililotolewa sindano. Basi itoe sindano mbele ya bibi, aione ikitupwa, umwambie: hii haichomi. Baada ya dakika 10, akiwa bado, rudia mara moja tu, na usiondoe macho kwenye pumzi zake. Mpime sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kila kilo. Kisha kipimo cha malaria.

Degedege la homa la kawaida humpata mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, halifiki dakika 15, halirudi ndani ya saa 24, na mtoto huzinduka. Asipozinduka, likirudi, au shingo ikikakamaa, fikiri malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Hapo sindano haina mbadala. Ikiwa ni malaria kali, ni sindano ya artesunate, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, mara tu anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Kama kituoni haiwezekani kuchoma na mtoto hajatimia miaka 6, mpe artesunate ya njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo, na gari iondoke hapo hapo. Dawa hiyo ni ya kumvusha njiani, haimalizi kazi.

Utaingiaje kwenye sindano hiyo? Kwa kupanga zamu. Wazee wengi wa pwani wanaona mtetemeko una dawa yake ya kienyeji na inatangulia, kisha homa inapelekwa spitali. Degedege likishatulia, sema: "Bibi, degedege limeshasimama, sasa natibu homa." Maneno hayo ni ya kweli, na yanakaa vizuri katika mpangilio wanaoujua wao.

Na usimkaze mama peke yake. Mara nyingi hana kauli ya mwisho. John Janzen, aliyefanya utafiti Kongo, alionyesha kwamba ndugu wanaomzunguka mgonjwa ndio wanaoamua aende wapi, lini na kwa nani. Uliza: nani nyumbani lazima aridhie? Baba akiwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, mpigie simu na uzungumze naye wewe mwenyewe.

SWALI. Mimi ni mwalimu, naandika makombe (aya za Qur'ani zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa), Pujini, Pemba. Wagonjwa wangu wa presha wanaambiwa spitali wasinywe kombe kwa sababu linagongana na vidonge. Ni kweli?

JIBU. Kombe la zafarani na marashi ya mawaridi lililooshwa kwa maji, kwa kiasi kinachotumika, haligongani na vidonge vya presha. Aliyesema hivyo huenda alichanganya kombe na mitishamba, ambayo ni habari nyengine: kitunguu thomu kingi, kwa mfano, humzidishia hatari ya kutokwa damu anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande.

Matatizo ya kombe yako kwengine. Kwanza maji: ukioshea maji ya kisima yasiyochemshwa, unamnywesha mgonjwa uchafu wa kisima. Pili wino: tumia zafarani, si kalamu ya kawaida wala karatasi iliyochapishwa kwa mashine. Tatu, na hili ndilo linaloua, mgonjwa akijiona mzima anaacha vidonge. Presha haiumi. Anakunywa kombe siku saba, roho inatulia, kichwa kinapoa, anasema amepona, na miezi michache baadaye anaanguka kiharusi. Wewe una nafasi ambayo daktari hana, kwa sababu kwako anakuja kwa hiari yake na anakaa kitako. Kila anayekuja muulize vidonge viko wapi, na mwambie kombe halivifuti.

Akiletwa mtu ambaye mdomo umekwenda upande ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki, wenyewe wakasema ni upepo au jini, usimnyweshe chochote, hata kombe. Koo lake huenda halimezi, na kitu cha maji kitashuka mapafuni. Kama familia haitaridhika bila kisomo, msomee huku gari inatafutwa, au mpake, na aende. Na kwa wenzako wanaopiga chuku, yaani kuumika, au kuchanja chale: wembe mpya kwa kila mtu, kisha utupwe. Homa ya ini ya B huenea kwa damu ambayo jicho halitaiona kwenye wembe.

SWALI. Nasomea udaktari hapa Unguja. Nataka kufanya utafiti mdogo wa anthropolojia ya tiba, yaani namna watu wanavyoyaelewa na kuyatibu maradhi yao, katika shehia moja ya Pemba. Nianzie wapi, na je, una faida yoyote kwa tiba?

JIBU. Anzia kwenye kibali. Kamati ya maadili iko Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI). Ukishakipata, nenda wilayani, kisha kwa sheha. Usiruke ngazi, sheha akikasirika kazi imekwisha.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Waombe watu kama 25, mmoja mmoja, wakutajie maradhi yote ya watoto wanayoyajua, na uandike kwa maneno yao na kwa mpangilio wao. Yanayotajwa na wengi, na mapema, ndiyo yaliyo juu katika fikra zao. Halafu andika majina hayo kwenye vikadi, umpe mtu avigawe mafungu anavyoona mwenyewe, na kila fungu umuulize kwa nini. Hapo ndipo utakapogundua, pengine, kwamba degedege na malaria yako mafungu mbalimbali, na ujue kwa nini mabango ya malaria hayamgusi mama wa mtoto wa degedege. Mwisho chukua mama kama 10 wakusimulie ugonjwa wa mwisho wa mtoto siku kwa siku: nani alisema nini, walikwenda wapi kwanza, walilipa shilingi ngapi na nani alizitoa. Sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote, ipe muda.

Yanayoharibu ni mengi. Ukivaa koti jeupe utapewa majibu ya spitali. Ukiuliza "unaamini uganga?" utaambiwa hapana, na jioni utamkuta huko huko. Ukienda msimu wa karafuu utakuta nyumba zimefungwa.

Kuhusu faida, usiahidi makubwa. Kabla ya chanjo ya kipindupindu ya mwaka 2009, watafiti waliwauliza watu wa Chumbuni, Unguja, na Mwambe, Pemba, wanavyouelewa ugonjwa huo, jambo lililosaidia kujua nani angeikubali chanjo. Katika mradi wa kutokomeza kichocho ulioanza 2011, Unguja na Pemba, wanajamii walishirikishwa kubuni majukwaa ya kufulia na vyoo vya kukojolea ili watoto wasikojoe mtoni, wakati sehemu nyengine konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho waliuliwa kwa dawa. Kichocho kilipungua kote, lakini hesabu za mwisho hazikuonyesha kuwa nyongeza hizo zilizidi wazi wazi ugawaji peke yake wa praziquantel, dawa ya kichocho iliyotolewa kote. Matokeo kama hayo nayo yaandike. Hata dawa hiyo ina upande wa mtaani: mtoto akipewa skuli na njaa atapata kichefuchefu na kizunguzungu, na jioni kijiji kizima kitasema serikali imewapa watoto sumu. Wale kwanza.

SWALI. Makunduchi. Ni kweli madafu yanaleta mshipa? Nimekunywa vidonge vya matende kila vikigaiwa na busha langu halijapungua.

JIBU. Si kweli, ndugu yetu. Mshipa, yaani hilo busha lako, unaletwa na minyoo ya filaria, ile ile inayoleta matende, na hapa kwetu inabebwa na mbu wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Kwenu mnalijua hilo kuliko wengi: mwaka 1988 mashimo ya vyoo vya Makunduchi yalitiwa punje za polistirini, plastiki nyepesi, zielee juu ya maji na kuwazuia mbu kuzaliana, pamoja na kuwapa watu dawa. Ugawaji wa Zanzibar nzima ulianza 2001.

Vidonge hivyo, ivermectin na albendazole, huua vijidudu vichanga vilivyomo kwenye damu ili mbu asimpelekee jirani. Maji yaliyokwishajaa kwenye busha havikaushi. Hapo dawa ni operesheni, ambayo si kubwa. Nenda spitali ya wilaya, umwambie daktari kama una kisukari au presha, na ukishafanyiwa usipande mnazi wala kubeba mzigo mpaka akuruhusu. Uvimbe ukiuma ghafla, au ukipata homa, usingoje tarehe uliyopangiwa.