Kuzunguka Mafia kwa Fedha Kidogo

Swali: Tuko watatu, raia wa Tanzania tunaoishi Dar es Salaam. Desemba tunataka kukaa Mafia siku tano, tuone papa potwe, kisiwa kidogo cha Chole na magofu ya Kua, bila kupanda ndege. Tupange vipi ili gharama isitushinde?

Jibu: Ndugu msomaji, kinachomaliza fedha za msafiri kisiwani Mafia ni mashua kuliko chumba na chakula, kwa hiyo tazameni kwanza maji na upepo, ndipo mtafute pa kulala.

Kutoka Mbagala nendeni kwa basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, ambako vyombo vya abiria huvukia kwenda Kilindoni. Ulizeni saa ya kuondoka siku moja kabla, na msipande chombo cha mizigo kisicho na jaketi za kuokolea, hata kama nauli yake inavutia.

Siku za mwanzo laleni Kilindoni, kwenye nyumba za wageni za mjini. Papa potwe, ambao huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, hutafuta chakula upande wa magharibi, karibu na mji huo, nje ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Hifadhi hutoza ada kwa siku, na ingawa raia hulipa kidogo kuliko wageni wa nje, sioni sababu ya kulala Utende, ndani ya hifadhi, siku ambayo shughuli yenu iko Kilindoni. Mashua ya kwenda kuwaona papa hao ikikodiwa nzima, tafuteni wengine wa kuchangia nao.

Baadaye hamieni Utende, takriban kilomita 15 kwa bajaji au daladala. Kuvuka kwenda Chole pandeni mashua ya wanakijiji, ambayo nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kukodi. Kua, kisiwani Juani, ndiko kunakohitaji hesabu: maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mashua hukwama na mtalazimika kutembea topeni. Mwulizeni nahodha saa ya maji kujaa kabla ya kupatana bei, na mwafikiane kwamba Chole na Kua ziwe safari moja.

Bakizeni siku moja ya akiba kwa ajili ya upepo, na chukueni fedha taslimu Kilindoni, kwa kuwa Chole na Juani hazina benki.