Kwa walimu wapya wa Historia mliopangiwa Mtwara: mjue mwanahistoria anapima kwa kipimo gani

Wadogo zangu mlioripoti muhula huu, karibuni Kusini. Najua wengi wenu mmekabidhiwa kidato cha tano na sita kabla hamjapata hata pa kupanga chumba. Mimi nimefundisha Historia mkoani hapa kwa miaka kumi na tisa, na kati ya mada zote kuna moja iliyonifundisha kazi yenyewe: jinsi wanahistoria wanavyolieleza taifa lililopigana lenyewe kwa lenyewe, kisha likatakiwa kuishi tena nyumba moja. Nawaandikia kuhusu hiyo kwa sababu niliikosea vibaya.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha habari za Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa kimechanika jalada pamoja na kurasa za mwanzo. Kilisema kwamba Ujenzi Mpya, ile miaka ya 1865 hadi 1877 ambapo majimbo ya Kusini yaliyokuwa yamejitenga yalirudishwa katika muungano, ulishindwa kwa sababu watu weusi waliotoka utumwani walipewa kura na vyeo kabla hawajawa tayari, na wajanja kutoka Kaskazini wakawatumia kujitajirisha. Nikaandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Kwenye mtihani wa muhula wakanirudishia hoja ile karibu neno kwa neno, nami nikaipigia vema. Watoto wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, ambao babu zao walitawaliwa kwa hoja hiyohiyo ya "hawajawa tayari", walipata alama kwa kuiandika. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sikujua kwamba hoja ile ina mwenyewe. Mwenyewe ni William Archibald Dunning, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliyetoa kitabu chake kuhusu kipindi hicho mwaka 1907. Wanafunzi wake walitawanyika wakaandika historia ya jimbo moja baada ya jingine kwa mtazamo huo, na vitabu vya shule vikafuata. Sasa tazameni mwaka. Mwaka 1907 watu weusi wa Kusini mwa Marekani walikuwa wamekwisha kunyang'anywa kura kwa hila za sheria na kwa vitisho. Weupe wa Kaskazini na wa Kusini walikuwa wamepatana. Dunning alikuwa anapima amani ya hao wawili tu. Kwa kipimo hicho, mtu mweusi anayedai haki yake huonekana kama mvurugaji wa suluhu.

Ndiyo maana siku hizi jambo la kwanza ninalomfundisha mwanafunzi ni kufungua ukurasa wa mwanzo wa kitabu na kusoma kimechapishwa lini na wapi. Kama ukurasa umechanika, kitabu hicho kitumike kwa tahadhari mpaka ijulikane kilikotoka.

W. E. B. Du Bois, mwanahistoria mweusi wa Marekani, alimjibu Dunning mapema, kwa mada aliyoisoma mwaka 1909 mbele ya wanahistoria wenzake, kisha kwa kitabu kikubwa cha mwaka 1935. Yeye alibadili kipimo. Aliuliza wale watu wapatao milioni 4 waliotoka utumwani walipata nini, walijenga nini, na nani aliwavunjia. Akaonyesha kwamba serikali za Kusini za miaka ile, zilizotukanwa na akina Dunning, ndizo zilizoleta shule za umma katika sehemu kubwa ya Kusini. Sura yake ya mwisho ndiyo ninayoitamani kila mwalimu aisome: alivichambua vitabu vya shule vya wakati wake, akaonyesha jinsi vilivyowafundisha watoto kwamba weusi wote walikuwa wajinga, wavivu, na ndio chanzo cha utawala mbovu. Nilipoisoma niliona maandishi yangu ya ubaoni. Lakini naye mpimeni. Aliposema kwamba watumwa waliokimbia mashamba wakati wa vita walikuwa katika mgomo mkuu, wapo wanaoona kwamba alitia lugha ya viwandani mahali ambapo watu walikuwa wanaokoa roho zao. Wanafunzi wabishane juu ya hilo. Ni ubishi mzuri.

Wanahistoria wengi weupe walichelewa kumsikiliza. Kenneth Stampp aliandika dhidi ya mtazamo wa Dunning mwaka 1965, mwaka uleule sheria ya haki ya kupiga kura ilipopitishwa Marekani. Waliokuja nyuma yake, katika miaka ya 1970, walilalamika kwamba Ujenzi Mpya wenyewe ulikuwa wa woga, kwa sababu haukugusa ardhi. Mwaka 1988 Eric Foner akatoa kazi ambayo wengi huanzia hapo leo. Anauita mapinduzi yasiyokamilika, na anawaweka walioachwa huru katikati: wanatafuta ndugu waliouzwa mbali, wanajenga makanisa, wanagombea viti. Foner alifundisha Columbia, chuo kilekile cha Dunning.

Sasa nisimame kwenye ardhi, kwa maana hapo ndipo mwalimu wa Mtwara ana kitu ambacho mwalimu wa kwingine hana. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliamuru familia za walioachwa huru kwenye pwani ya South Carolina, Georgia na Florida zigawiwe vipande visivyozidi ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akaanza kuwarudishia ardhi hiyo mabwana wa zamani. Watu wakabaki huru bila shamba. Wakalima ardhi ya mwenye mali, mara nyingi kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, na chakula na mbegu wakakopa dukani kwa dhamana ya pamba ambayo bado haijakomaa. Bei ya dukani anapanga mwenye duka, daftari analishika yeye. Mavuno yakija, deni limemeza fungu la mkulima, na mwaka unaofuata anaanza kwa kukopa tena.

Miaka ya nyuma niliieleza hali hiyo kwa dakika arobaini na darasa likasinzia. Siku moja nikasema: ni ndugu yake kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya utaratibu. Darasa lote likaamka. Hakuna mtoto wa hapa asiyejua mtu aliyeuza korosho zingali mtini ili apate ada ya shule au hela ya msiba, akapimiwa kwa chombo cha mnunuzi badala ya mzani wa chama cha msingi. Mmoja aliyekuwa hasemi kabisa alisimama akaeleza jinsi mwaka unavyoliwa kabla haujafika. Ila msiishie hapo, maana mfano ukiachwa huru hupotosha. Mkulima wetu mikorosho ni yake, na hakuna anayemzuia kwa bunduki kwenda kupiga kura. Yule wa Mississippi hakuwa na shamba, na akidai hesabu ya daftari angeweza kutembelewa usiku na Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe lililowapiga na kuwaua weusi. Waambieni wanafunzi watafute tofauti wenyewe. Huwa wanapata nyingi kuliko nilizoandaa.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji ilipigana yenyewe kwa yenyewe, serikali na waasi wa Renamo, kuanzia 1977 mpaka Mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Wapo waandishi wanaoieleza Renamo kama kitu kilichoundwa na Rhodesia na kulelewa na Afrika Kusini ya makaburu, na ushahidi wanao. Mtafiti Mfaransa Christian Geffray alikaa Erati, mkoani Nampula, na mwaka 1990 akaandika kwamba hiyo haitoshi: kulikuwa na watu waliochukizwa na kuhamishiwa vijiji vya pamoja na kudhalilishwa kwa machifu wao, na vita vikapata pa kushika. Usiwalazimishe wanafunzi kuchagua mmoja. Waulize kila mmoja anapima nini.

Baada ya mkataba, siku chache tu, ikapitishwa sheria ya msamaha. Hakukuwa na tume ya kusikiliza waliotendewa, kama ile ya Afrika Kusini. Wengine wanasema kimya hicho ndicho kilichowezesha uchaguzi wa 1994. Wengine wanakumbusha kwamba mapigano yalirudi 2013, na ikabidi kusaini tena Agosti 2019. Mimi naegemea hao wa pili, ila nawaeleza wanafunzi sababu zangu na kuwaachia nafasi ya kunipinga.

Hapa naomba msikilize kwa makini. Darasani kwenu watakuwemo watoto wenye ndugu Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji tunaopakana nao, na huko moto wa vita uliwaka upya 2017. Usimsimamishe mtoto mbele ya wenzake asimulie ya kwao. Mwalimu mmoja kijana alifanya hivyo kwa nia njema, na msichana yule hakuja shule wiki nzima. Kazi ya kuwahoji wazee iwe ya hiari, majina yasiandikwe, na mzee akisema "hayo tumeyaacha", mwanafunzi ashukuru, aondoke. Neno hilo nalo ni ushahidi, aliandike.

Kuhusu mtihani, maana najua mtaniuliza. Msahihishaji anataka hoja na mifano, na mtoto lazima afaulu. Basi swali likiwa "kwa nini Ujenzi Mpya ulishindwa", mwanafunzi aandike hoja zake kama kawaida: ardhi kurudishwa kwa mabwana, ukatili wa Klan, Kaskazini kuchoka, mapatano ya wanasiasa ya 1877 yaliyofuatiwa na kuondolewa kwa askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Kusini. Lakini katika utangulizi aweke sentensi moja inayosema ulishindwa kwa nani, na katika kila hoja amtaje aliyeumia na aliyefaidika. Mimi nimeyaona madaftari yakibadilika kwa sentensi hiyo moja. Anzeni nayo kwenye zoezi la kwanza, kabla ya mtihani wa muhula, na ile hoja ya "hawajawa tayari" ikitokea, msiikate kwa wino mwekundu tu. Andikeni pembeni: nani kasema, mwaka gani?