Maswali Yenu: Kampuni na mfadhili wanapobisha hodi pamoja

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja: kampuni na mashirika ya hisani yanayoungana ili kuwasaidia watu kupata riziki ya kudumu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake karibu na Luanda, Kaunti ya Vihiga. Tunalima managu, saga, mrenda na kunde, na mboga zetu huishia Kisumu kupitia kwa wachuuzi. Sasa shirika moja la hisani kutoka Uingereza linataka kutupa pampu ya nguvu za jua, mipira ya kumwagilia kwa matone na mafunzo, na kampuni moja ya kufungasha mboga imeahidi kununua mavuno yetu yote kwa miaka miwili. Tumeletewa hati ya maelewano kwa Kiingereza na kuombwa tuitie sahihi kabla ya mvua za vuli. Baadhi ya wanachama wanasema ni neema. Wengine, hasa wale ambao wazazi wao walilima miwa, hawataki hata kusikia neno mkataba. Tutazame nini?

JIBU: Dada yangu, hofu ya hao wanaokumbuka miwa msiipuuze. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwalimia wakulima mashamba, kikawapa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha kikakata gharama hizo katika malipo ya mavuno. Kwa miaka mingi mpango huo ulijenga nyumba na kusomesha watoto. Kiwanda kilipolemewa na madeni, hata kikawekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kukusanya madeni ya wadai, familia zilizokuwa zimeitolea miwa karibu ardhi yao yote zilijikuta na zao lililokomaa shambani na malipo yasiyojulikana yangekuja lini. Kwa hiyo wenzenu hawaogopi maendeleo. Wanaogopa kumtegemea mnunuzi mmoja, na hilo ni jambo la kujadiliwa mezani mbele ya wageni wenu bila haya yoyote.

Ushirikiano wa aina hii hufaulu au huanguka kutegemea nani analipia nini. Pesa za hisani zinafaa kulipia yale ambayo hakuna kampuni ingeyagharimia na bado ikapata faida: mafunzo, kazi ya kuwaunganisha wakulima waliotawanyika vijijini, na hasara ya msimu wa kwanza wakati watu bado wanajifunza. Bei ya mboga ni jambo jingine kabisa, nayo yapasa itoke mfukoni mwa kampuni, kwa sababu bei inayotiliwa pesa za mfadhili itashuka mara tu shirika litakapofunga ofisi. Waulizeni wazi mkutanoni kama kuna sehemu yoyote ya bei wanayoahidi inayotoka kwa wafadhili. Wakishindwa kujibu, hapo mmekwisha kupata jibu.

Kuna mfano wa karibu na nyumbani. Mwaka 2016, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ulianza mradi uliolenga mashamba madogo 30,000: mfuko wa uwekezaji wa Livelihoods ulitoa mtaji wa kuanzia, shirika la Vi Agroforestry la Uswidi likachukua kazi ya kuwafundisha wakulima utunzaji wa udongo na ufugaji, na kampuni ya maziwa ya Brookside ikaahidi kununua maziwa kwa miaka 10. Uzingatieni muda huo. Ng'ombe hazai na kutoa maziwa kwa ratiba ya mradi, na shamba lililochoka halirudishi rutuba kwa misimu miwili. Mkulima anayejua kwamba soko litakuwepo kwa miaka 10 hupanda miti na majani ya mifugo kwa moyo mwingine. Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba Danone, kampuni ya vyakula ya Ufaransa na mmoja wa waanzilishi wa mfuko huo, ilikuwa imenunua asilimia 40 ya hisa za Brookside mwaka 2014. Hakuna ubaya katika undugu wa namna hiyo, ila mkulima ana haki ya kuujua kabla ya kutia sahihi. Nanyi ulizeni kama shirika lenu na kampuni yenu vina uhusiano mwingine zaidi ya huu mnaoonyeshwa.

Miaka miwili mliyopewa ninyi naiona kuwa michache. Ombeni mitatu au minne, yenye kifungu cha kupitia bei kila msimu. Halafu neno hilo “mavuno yote” likataeni. Ahidini kiasi mnachoweza kukitimiza hata mvua zikichelewa, na kinachobaki kiwe huru kwenda sokoni Luanda au Kibuye, Kisumu. Msiwatupe wachuuzi wenu wa siku zote, kwani ndio watakaowapokea kampuni ikikwama, na uhusiano na mchuuzi hauhifadhiwi kwa maneno pasipo mboga.

Sasa niseme juu ya mizani, maana ndipo vikundi vingi hupoteza pesa bila kujua. Managu yaliyochumwa alfajiri yakiwa na umande huwa mazito; kufikia saa nne, yakiwa yamerundikwa kwenye gari lisilo na kivuli, yamekwisha kunyauka na kupoteza sehemu ya uzito wake. Kama mboga zinapimwa Kisumu, upungufu huo ni wenu. Zikipimwa kwenye kituo chenu cha kukusanyia, ni wa kampuni, nayo itafanya haraka kuleta gari lenye kivuli. Hati iseme kwamba mboga zitapimwa kwenu, kwa mizani iliyokaguliwa na maafisa wa vipimo, na kila mwanachama apate stakabadhi yenye kilo, daraja la ubora na bei palepale. Iseme pia ni nani anayeamua daraja, na mboga zilizokataliwa zinarudi kwa nani na saa ngapi, kwa sababu mrenda unaorudishwa jioni hauna mnunuzi tena.

Kuhusu pampu, jueni tangu sasa ni mali ya nani. Pampu iliyo mali ya shirika inaweza kuondoka pamoja na shirika; iliyo mali ya kikundi itahitaji fundi, na vipuri vyake vipatikane Kisumu badala ya kuagizwa ng'ambo. Anzeni kuweka akiba ya matengenezo kutoka malipo ya kwanza, hata kama ni shilingi chache kwa kila kilo.

Mwisho kwako wewe mweka hazina: ombeni hati hiyo kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, na ielezwe kwamba nakala zote mbili zina nguvu sawa. Mpelekeeni pia afisa wa ushirika wa kaunti aipitie. Mfadhili mwema atawangoja, na anayewaharakisha kwa sababu ya tarehe za bajeti yake anawatwika shida isiyo yenu.

SWALI: Nina duka la pembejeo mjini Nakuru, na wateja wangu ni wakulima wa viazi na wafugaji wa Molo, Njoro na Bahati. Kila Desemba hupeleka blanketi na unga kwenye makao ya watoto. Mwaka huu ningependa kushirikiana na shirika la hisani kufanya jambo la kudumu, lakini duka ni dogo. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu, blanketi usiziache, maana baridi ya Molo ni baridi. Lakini duka lako lina kitu ambacho mashirika mengi hulipa ghali kukipata, nacho ni kuwajua wakulima kwa majina na kujua nani hulipa deni lake. Viazi vingi katika eneo lenu hupandwa kutokana na vile vidogo vilivyobaki msimu uliopita, navyo husafirisha ugonjwa wa mnyauko wa bakteria kutoka shamba hadi shamba, kwa kuwa mbegu zilizoidhinishwa ni ghali kwa mkulima anayelipa kwa mkupuo. Wewe na shirika mnaweza kuanzia hapo: duka litoe mbegu safi kwa mkopo, mkulima alipe kidogo kidogo hadi mavuno, na shirika liweke dhamana ya sehemu ya madeni yatakayoshindikana. Nasema sehemu kwa makusudi. Shirika likibeba hasara yote, duka litakopesha yeyote. Duka likibeba yote, halitamkopesha mjane asiye na hati ya shamba. Shirika la One Acre Fund, lililoanzia Bungoma mwaka 2006, limekuwa likiwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea kwa njia ya vikundi na kupokea malipo kidogo kidogo, pamoja na kuwafundisha. Huo ni utaratibu unaoweza kuuiga kwa kiwango chako.

Waachie wanaosaidiwa sauti pia. Katika mashamba ya maua ya Naivasha yenye cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki, mnunuzi huongeza asilimia 10 juu ya bei ya maua, na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe ndiyo huamua pesa hizo zijenge nini. Hata kwa dhamana ndogo ya mbegu, wakulima watatu au wanne wakae katika kamati inayoamua nani akopeshwe. Kuhusu kuchagua shirika, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, inayosimamia usajili wa mashirika ya aina hii, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Omba cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa, na umtembelee mkulima mmoja waliyemsaidia miaka mitatu iliyopita bila wao kuandamana nawe.

SWALI: Ninauza samaki ufuoni Dunga, Kisumu. Kampuni moja na shirika lake la hisani walitupa majokofu ya kuhifadhia samaki, nasi twashukuru. Sasa nimeona picha yangu na mtoto wangu kwenye pakiti za bidhaa zao, na sikuulizwa. Nikilalamika, je, watayachukua majokofu?

JIBU: Mama, msaada haununui sura yako, wala ya mtoto wako. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi. Taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata ridhaa iliyotolewa inaweza kuondolewa. Iandikie kampuni na pia shirika, ukieleza kwamba hukuridhia na ukitaka picha iondolewe. Weka nakala ya barua, na uhifadhi pakiti moja kama ushahidi. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kuhusu majokofu, tafuteni karatasi mliyotia sahihi siku ya kuyapokea. Ikiwa inasema mmekabidhiwa kama kikundi, hayachukuliwi kwa sababu mmoja wenu amedai haki yake. Ikiwa hakuna karatasi, viongozi wa kikundi waiombe sasa, kwa barua tofauti na hiyo yako.