Muulize Ami: Sahihi iko kwa jalada, mbona lebo imenyamaza?

*Ami salaam aleikum. Mimi ni kijana wa Kisauni, kazi yangu kuripea simu. Kuna jamaa tumejuana mtandaoni ananiuzia komiki ya Spider-Man, imefungiwa ndani ya lile kasha gumu la plastiki, juu ina lebo ya bluu imeandikwa jina la komiki, namba na 9.8 basi, haimtaji aliyesaini wala siku, na kwa jalada pana sahihi ya Stan Lee, mmoja wa waliomtunga Spider-Man, kwa kalamu ya dhahabu. Anataka 45,000, asema ni bei ya kutupa manake ana shida, na ati baada ya miaka miwili itakuwa imedabo. Nina 30,000, hizo zingine nataka kukopa kwa chama. Nilipe? – Fundi Simu, Kisauni*

Waaleikum salaam mwanangu. Usilipe. Na hizo za chama usizikope kabisa, hata ingekuwa orijino.

Nilipoona barua yako nikakwama hapo kwa bluu. Umeniambia kwenye lebo hakuna jina la aliyesaini wala tarehe ya kusaini, ni jina la komiki, namba, na hiyo 9.8 basi. Sasa sikiza. Hizi komiki za kasha nyingi zimepita kwa CGC, kampuni ya kule Florida, Marekani, ilianza mwaka wa 2000, unawatumia komiki wao wanaikagua ukurasa kwa ukurasa, mgongo, pini, kona, rangi ya karatasi, halafu wanaipa alama kuanzia 0.5 mpaka 10 na kuifungia. Na rangi ya lebo ni lugha. Bluu ni ya kawaida. Zambarau ni komiki iliyokarabatiwa, labda mtu kaitia rangi mahali ama kagundisha kipande, na hiyo bei hushuka vibaya sana. Kijani ni ile yenye kasoro moja kubwa ambayo wameitaja pale pale. Manjano ndiyo ya sahihi, na siyo sahihi yoyote, ni sahihi iliyotiwa shahidi wa kampuni akiwa amesimama hapo anaangalia kwa macho yake, na kwa lebo wanaandika ni nani katia na siku gani.

Sahihi ambayo shahidi hakuiona, hao kwa miaka mingi wameihesabu kama mtu tu kachora jalada kwa kalamu, hata kama mchoraji mwenyewe ndiye aliyeitia ukiwa naye mezani mnakunywa chai. Wangeiandika kwa lebo. Kwa hivyo lebo ya bluu, 9.8, na chini yake wino wa dhahabu ambao lebo haiujui, hapo kuna kitu. Mimi nnavyodhani kasha limefunguliwa, iliyokuwa ndani ikatolewa, ikatiwa nyingine. Shika kasha uliinamishe kwenye mwanga, tazama kando kando zile pande zinaposhikana, ukiona weupe weupe kama plastiki imekunjwa, ama nyufa ndogo kwa kona, ama gundi, rudisha. Halafu ile namba ya cheti ya kwa lebo iandike, uingie kwa tovuti ya kampuni yenyewe uitafute, usifuate linki ya kutumiwa na muuzaji, manake hata tovuti siku hizi zinaigwa. Na uangalie komiki imechapwa mwaka gani! Stan Lee alifariki Novemba 2018. Ikiwa imetoka 2020 basi mwenzangu alisaini akiwa kaburini.

Wapo pia CBCS, kampuni nyingine ya kukagua komiki, hao wana utaratibu wa kukagua hata sahihi ambayo hawakuiona ikitiwa, wanailinganisha na nyingine. Ikiwa jamaa ana uhakika na mali yake si aitume huko kwa gharama yake, arudi na karatasi. Utaona atakavyopotea.

Hili la kudabo sasa. Huyo jamaa amesikia habari za Action Comics namba 1, ile ya 1938 aliyotokea Superman mara ya kwanza, iliuzwa senti 10 za Marekani na Aprili 2024 nakala moja ya gredi 8.5 ikaenda kwa mnada dola milioni 6. Ni kweli. Lakini ile imekuwa ghali kwa sababu hakuna aliyeiweka, watoto waliisoma wakaikunja wakaitia mfukoni wakaitupa, na wakati wa Vita vya Pili makaratasi yakakusanywa yakasagwa, zilizobaki zinakadiriwa kama mia moja tu. Ukija miaka ya 1990 kila mtu Marekani akawa amejua siri, wakawa wananunua komiki tano tano wanaziweka kwa plastiki wasizisome wakingoja utajiri. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8. Milioni nane, na zote zimetunzwa vizuri, nani atakuuzia ghali? Mpaka leo unaipata kwa dola chache. Soko likaanguka, maduka yakafungwa, Marvel yenyewe, wachapaji wa Spider-Man na X-Men, ikaomba ulinzi wa kufilisika Desemba 1996.

Hiyo 30,000 yako nunua vitu vya kuripea simu, halafu ukitaka komiki nunua isiyofungwa, ya bei ndogo, uisome. Hivi vya kasha mtu husahau kuwa ukishafungiwa husomi tena, unatazama jalada kama samaki kwa tangi.

*Ami, mume wangu ana kabati zima la hizi komiki, hataki niguse. Msimu wa masika zilianza kunuka koga, nikamtilia kafuri na nikafukiza udi chumbani, siku ya pili hatuongei. Kosa langu ni gani? – Mama Wawili, Bondeni*

Ya udi hapo dadangu ulimkosea, moshi unaingia kwa karatasi na harufu haitoki, na kafuri nayo si ya kukaa na karatasi. Ila nia yako nzuri kuliko yake, manake aliyeweka kabati ukutani nani?

Nyumba zetu hizi za mawe kuta zinatoka jasho. Mimi mwenyewe nilikuwa na boksi langu nimeliegemeza ukuta wa nje, rafu ya chini kabisa, nikasafiri wiki tatu mvua ikaja, kurudi kurasa zimeshikana kama chapati mbichi, nikazibandua moja moja kwa kisu cha siagi na bado picha za ukurasa huu zikabaki mgongoni mwa ule. Kwa hivyo mwambie asogeze kabati, pawe na nafasi ya mkono kati yake na ukuta, zisikae chini sakafuni, zisimame wima zisilaliane. Zile plastiki laini za bei rahisi za PVC zinatoa kemikali zinaharibu, atafute za Mylar, plastiki isiyodhuru karatasi, na ubao wa nyuma usio na asidi. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya usitupe, mpe, ila avibadilishe, vikishashiba unyevu havifanyi kazi. Na asidanganyike kuwa za kasha ziko salama, lile kasha halizuii hewa, koga huingia, na jua la dirishani linapausha wino wa sahihi mpaka unabaki kivuli.

Mkishasameheana mpikie.

*Ami habari. Nina bunda la komiki za Shujaaz tangu ile ya kwanza ya 2010, marehemu babangu pia alikata katuni za Juha Kalulu kutoka gazeti la Taifa Leo miaka mingi, nimezifunga kwa mipira ya lastiki. Nizitume Marekani zigrediwe? – Mwana wa Likoni*

Pole na baba. Usitume, sasa hivi nauli, ada, na bima ya kwenda na kurudi itapita bei ya chochote utakachouza, huko hawana mnunuzi wa komiki ya Kisheng na vipande vya gazeti si komiki kwao. Lakini hebu fikiri, Shujaaz ilikuja ya bure ndani ya gazeti, watu wamefungia samosa, wamepangusia vioo. Hiyo ndiyo ile hadithi ya senti 10. Ukikutana na mchoraji mmoja wao muombe asaini, piga picha akisaini, andika tarehe kwenye karatasi ya pembeni siyo kwa jalada.

Za baba usiuze hata ukipata mtu. Na hiyo lastiki iondoe leo, ikikaa kwa joto letu inayeyuka inashika karatasi. Usiivute, ikate kwa makasi.