Onja maji kwanza

Mwanangu mpendwa,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mamako asikie. Umeuliza kama wewe na wenzako mtaweza kuishi kwa uvuvi mkirudi kijijini kwetu, kule kaskazini ya Mkokoni, pwani ya Lamu, mkiwa na injini mbili, makasha ya barafu na pampu ya maji. Samaki sina shaka nao. Kaskazi itawapa bahari, kusi itawafungia pwani, hayo unayajua. Lakini kijiji si samaki. Kijiji ni kisima.

Tulihama usiku, mwaka 1964, nami nina miaka saba. Vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujiunga na Somalia, vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara vikihamwa kimoja kimoja. Babu yako alitupakia mashuani, kisha akarudi ufukweni peke yake. Tulidhani amefuata jarife jipya, wavu wetu mkubwa wa kuvulia, lililoning'inia uani. Kumbe alikwenda kukifunika kisima kwa mbao za dau bovu, akazikandamiza kwa mawe. Jarife likabaki. Miaka yote tuliyoishi Kisauni, Mombasa, kwa vibarua, mamangu hakuacha kulitaja, nami nilikuwa upande wake. Siku moja nilimwambia babu yako, mbele ya wageni, kwamba alituachia njaa ili aokoe shimo. Hakunijibu. Mpaka leo linaniuma.

Mwaka 1983 nilikwenda kuona. Makuti yalikwisha kuliwa na mchwa, zimebaki kuta za matumbawe, na jabia la msikitini, lile birika la maji ya mvua, limepasuka. Nikaondoa mawe, mbao zikavunjika mkononi kama mkate mkavu, nikateremsha ndoo. Maji matamu, mwanangu! Nikanywa, nikajimwagia kichwani, nikacheka peke yangu kichakani. Wa kumwambia alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Najua utanitajia Takwa, ule mji wa magofu kisiwani Manda, kwamba nako kulikuwa na visima. Ndiyo, na maji yalipoingia chumvi, kama wasemavyo, karne ya 17, watu walivuka wakahamia Shela, kisiwani Lamu. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua pale. Basi labda kijiji ni zaidi ya kisima, ikiwa watu hurudi mahali palipokauka? Hapana. Wanaomba, kisha wanavuka kurudi kulala kwenye maji matamu. Nashikilia neno langu.

Ndiyo maana ile pampu uliyoiandika imenitia hofu kuliko mawimbi. Msiitie kisimani. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ndoo huchota ya juu tu, pampu huvuta mpaka ya chini yapande, na yakishapanda hayashuki upesi. Litengenezeni jabia kwanza, mvua za masika ziwasaidie.

Unataka niseme nendeni au msiende. Mpaka wa Somalia uko karibu, na miaka tuliyokatazwa kuvua usiku sijaisahau. Mamako ameniamuru niandike msiende, nimeandika, nikafuta. Na lile jingine liko ulimini, silisemi. Nenda siku ya bamvua, bahari ikiwa imejaa kabisa, uteremshe ndoo, uonje. Kisha nipigie simu hapo hapo kisimani, hata kama ni usiku.

Babako