Kwa mnaoanza kuhifadhi joto la jua kwa chumvi inayoyeyuka

Wadogo zangu, wengi mnaoingia kwenye kazi hii mnakuja na jedwali la joto fiche, yaani joto ambalo kitu humeza kinapoyeyuka bila jotoridi lake kupanda, mkisaka chumvi yenye namba kubwa kuliko zote. Mimi nawashauri mwanze na swali jingine: joto lenu linaingia kwa nyuzi ngapi na linatakiwa kutoka kwa nyuzi ngapi?

Chukueni nitreti ya sodiamu. Huyeyuka kwenye nyuzi 306 hivi za Selsiasi, na kilo moja ikiyeyuka humeza takriban kilojuli 175. Sasa ipandisheni kilo hiyohiyo kwa nyuzi 100 bila kuyeyuka: itabeba karibu kiasi hichohicho. Ndiyo maana mtambo wa umeme wa jua wa Andasol huko Granada, Hispania, ambao mafuta yake ya kubeba joto huzunguka kati ya nyuzi 290 na 390 hivi, unatumia chumvi ambayo ni kimiminika muda wote, tani 28,500, ikisukumwa kutoka tangi moja hadi jingine. Pale chumvi ya kuyeyuka na kuganda haina faida kubwa. Mahali pake hasa ni kwenye mvuke. Maji yaliyo chini ya shinikizo la baa 100 huchemka kwenye nyuzi 311, na jotoridi halisogei mpaka yote yageuke mvuke, kama ilivyo kwa chumvi inayoyeyuka. Chumvi ya kuyeyuka inafaa pia kuokea: watafiti wa Mekelle, Ethiopia, pamoja na wenzao wa Norway, wamehifadhi joto la jua kwa chumvi za nitreti ili kuoka injera, mkate bapa wa Kiethiopia.

Ugumu wenyewe uko kwenye kulitoa joto. Chumvi hizi hupitisha joto vibaya mno, kama nusu wati kwa mita kwa kila nyuzi; alumini hupita 200. Wakati wa kuyeyusha mnasaidiwa, kwa sababu kimiminika huzunguka chenyewe. Wakati wa kuvuna joto, chumvi inayoganda kwanza ni ile iliyogusa bomba. Inalivika bomba gamba, na kadiri gamba linavyonenepa ndivyo mvuke unavyopungua, huku katikati ya tangi bado kumejaa chumvi ya moto isiyofikika. Kwa hiyo fedha nyingi iende kwenye mapezi ya bomba, yaani vibapa vya metali vinavyochomoza kutoka kwenye bomba kuingia kwenye chumvi, si kwenye chumvi ghali. Wajerumani wa DLR, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani, walipojaribu tani 14 za nitreti ya sodiamu huko Carboneras, Hispania, walitumia mabomba yenye mapezi.

Na tafadhali, usalama. Nitreti ya sodiamu ikiyeyuka hutanuka kama asilimia 10. Acheni nafasi juu, na yeyusheni kuanzia juu kushuka. Ukianzia chini, kimiminika hukosa pa kwenda na kinaweza kupasua tangi. Kausheni chumvi kabisa kabla ya kuipasha, maana unyevu ukikutana na chumvi ya nyuzi 300 hulipuka kuwa mvuke na kurusha matone ya moto. Nitreti pia huchochea moto: mafuta, vumbi la mbao na matambara vikae mbali nayo.

Wekeni vipimajoto juu, katikati na chini, na kimoja kikiwa kimegusa bomba. Msiamini kuwa tangi limejaa joto mpaka kile cha chini kimepita nyuzi 306.