Bosi "has slept": kwa mnaoanza kazi mapokezi

Wadogo zangu mnaoanza kazi mapokezi hapa Kigoma, Kiingereza cha darasani mnacho. Kitakachowasumbua ni hii "-me-" yetu.

Mwezi wangu wa kwanza alikuja mgeni saa nane mchana akimtaka bosi. Bosi yuko chumba cha nyuma, anakoroma. Nikajibu kwa kujiamini, "The boss has slept." Mgeni akafurahi: "Good, I'll see him now, then." Akavuta kiti. Kwake yeye, bosi keshalala, kamaliza, yuko macho. Nilitakiwa kusema "He is sleeping." Alikaa pale saa nzima, mimi nampelekea maji na tabasamu.

Amelala, amekaa, amevaa, amechoka: hizo ni hali alizonazo mtu sasa hivi, na Kiingereza kinatumia "is". Hata "nimechelewa" ni "I am late". Lakini "nimepoteza ufunguo wako" ni "I have lost your key", maana jambo limeshatokea na hasara bado ipo: mtu kasimama mlangoni na begi lake.

Ukitaja siku au mwaka uliopita, "have" inaondoka. Sisi tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Wao ni "I saw him yesterday". Anayekwenda Ujiji mwambie "Stanley met Livingstone there in 1871", siyo "has met". Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, inataka zote mbili: "The Germans built it in 1913", kisha "It has been here for over a hundred years", kwa sababu bado ipo. (Miaka kama minane kati ya hiyo ilikuwa chini ya maji, ila hilo mwache aulize mwenyewe.)

"-ja-" haina shida. Hajafika, "He hasn't arrived yet." Basi.

Sasa tuje kwenye pole na samahani. Mgeni kashuka kwenye treni ya kutoka Dar, ukitafsiri "pole na safari" ukamwambia "Sorry for the journey" atashangaa, kwani treni ni yako? Mwambie "Welcome, you must be tired." Pole ya ugonjwa au msiba ndiyo "I'm sorry to hear that." Na ile "Sorry for waiting" tunayoipenda iacheni kabisa, maana ni kama wewe ndiye uliyesubiri. Sema "I'm sorry we've kept you waiting."

Halafu sisi tukikosea tunaanza na hadithi: umeme ulikatika, simu iliisha chaji, mtoto aliumwa. Mgeni anataka kosa, kisha dawa. Tuseme ulisahau kumwamsha mgeni anayekwenda hifadhi ya Gombe na boti imeshaondoka pale Kibirizi zinakopandiwa. "I'm very sorry. I forgot to wake you, and the boat has left. I've found another one. It leaves at nine." Angalia: "forgot", kwa sababu kusahau kulikuwa alfajiri na kumepita, "has left", kwa sababu hata sasa boti haipo, "I've found", kwa sababu nyingine ipo inamsubiri.

Na hiyo "nine" ni saa tatu yetu. Ukiteleza ukasema "three", utaomba radhi mara ya pili siku hiyo hiyo.